Kujifunza Kuvua kwa Kisamaki Bandia, Kutoka Chemka hadi Nyumba ya Mungu

Mtu aliyezoea kuvua kwa minyoo, kwa vipande vya dagaa au kwa donge la ugali huwa amezoea pia kusubiri. Hutupa ndoano majini, huegemeza fimbo kwenye jiwe, na kuanzia hapo kazi kubwa hufanywa na harufu ya chambo inayosambaa polepole hadi samaki aifuate. Kisamaki bandia kilichotengenezwa kwa mbao au plastiki ngumu hakina harufu wala ladha, na kikiachwa kitulie majini hubaki kuwa kitu kilichopakwa rangi nzuri tu. Uhai wake wote hutoka katika mkono wa anayekivuta. Mimi ni mkazi wa Moshi, niliyeanza kuvua utotoni kando ya mto Rau kwa mshipi na minyoo, na katika yote niliyojifunza tangu nilipoanza kutumia visamaki vigumu, jambo hilo moja ndilo lililochukua muda mrefu zaidi kuniingia. Nalieleza hapa kwa yeyote anayeanza, kwa sababu maswali ya rangi, ukubwa na bei, ambayo ndiyo huulizwa kwanza, hayana jibu la maana mpaka hilo lieleweke.

Visamaki vyangu vya kwanza vilitoka Mwanza. Katika maduka ya Moshi niliyopita nilipata ndoano, mishipi ya nailoni na chubwi za risasi bila taabu, lakini visamaki vigumu sikuviona, ndipo binamu yangu anayeishi kando ya Ziwa Victoria akaninunulia vichache, akavipanga ndani ya kopo la biskuti na kunitumia kwa basi. Kule vinafahamika kwa sababu ya sangara, samaki mla samaki aliyeingizwa ziwani humo kuanzia miaka ya 1950, ambaye watu wanaovua kwa burudani humtafuta kwa kuburuta visamaki vikubwa nyuma ya boti, kama wavuvi wa Tanga na Pangani wanavyorambaza kumtafuta nguru na kolekole. Kimoja kati ya visamaki hivyo kilikuwa chembamba, chenye urefu wa sentimita 9 hivi na mdomo mfupi, yaani kibamba cha plastiki angavu kinachotokeza kichwani. Kingine kilikuwa kinene na kifupi, na mdomo wake ulikuwa mrefu na mpana, umetokeza mbele karibu sawasawa na mgongo. Kimoja hakikuwa na mdomo kabisa. Juu yake binamu alikuwa ameweka karatasi yenye maneno machache: «Kaka, soma mdomo kabla ya kusoma rangi.»

Ushauri huo ulinisaidia kuliko mambo mengi niliyosikia baadaye. Mshipi unapovutwa, maji huugonga mdomo wa kisamaki, na kwa kuwa mdomo umeinama, nguvu hiyo ya maji hukisukuma kisamaki kwenda chini na wakati huohuo hukiyumbisha kushoto na kulia. Mdomo mfupi ulioelekezwa chini kwa ukali hukifanya kisamaki kiyumbe sana lakini kisizame mbali, pengine mita moja tu au chini ya hapo. Mdomo mrefu uliolala kuelekea mbele hukipeleka kwenye kina kirefu, mita 3, mita 4 au zaidi, ikiwa mshipi ni mwembamba na umetupwa mbali vya kutosha. Unene wa mshipi una kazi yake hapa, kwa maana mshipi mnene hukokota maji mengi na kukizuia kisamaki kisifike kilikokusudiwa. Kisichokuwa na mdomo hufanya kazi juu ya maji au katikati yake, na hutegemea zaidi mchezo wa kiwiko cha mvuvi. Rangi nazo zina nafasi yake: kwenye maji safi ni vyema zikaribiane na rangi za samaki wadogo wa mahali hapo, na kwenye maji ya tope rangi nzito au zenye kutofautiana sana humsaidia samaki kuona umbo. Lakini kisamaki chenye rangi nzuri kinachopita mita 2 juu ya vichwa vya samaki hakina faida kwa mtu yeyote.

Kabla ya kwenda popote, nilijaza ndoo maji nyumbani na kuvitumbukiza kimoja kimoja. Hili ni zoezi la dakika chache ambalo ningemshauri kila anayeanza alifanye, kwa sababu maandishi kwenye pakiti mara nyingi ni ya lugha za mbali au hayapo kabisa. Kuna visamaki vinavyoelea, vinavyozama, na vinavyokaa katikati ya maji pale vinapoachwa. Kujua tofauti hiyo kunamwambia mvuvi nini kitatokea anapoacha kuvuta, na kuacha kuvuta, kama nitakavyoeleza, ni nusu ya kazi yote. Nilivitikisa pia karibu na sikio ili kujua vipi vina gololi ndogo za chuma tumboni, zile zinazolia majini kisamaki kinapoyumba.

Historia ya vitu hivi nayo ilinifundisha. Mwaka 1936 mvuvi wa Ufini aitwaye Lauri Rapala alichonga kisamaki chake cha kwanza kwa kisu, akitumia gome laini linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakifunika kwa karatasi inayong'aa ya kufungia chokoleti na kukipaka negativu za picha alizoziyeyusha ili maji yasipenye. Alikuwa mtu anayeishi kwa uvuvi katika Ziwa Päijänne, na alikuwa ameona kwamba samaki mkubwa anapolivamia kundi la samaki wadogo humchagua yule anayeogelea kwa kuyumba, ambaye ni dhaifu au amejeruhiwa. Kisamaki chake kilikusudiwa kuyumba hivyo. Kilichonigusa zaidi ni desturi iliyoshika mizizi katika kazi yake: kila kisamaki kilijaribiwa majini na kurekebishwa kwa mkono kabla ya kuuzwa. Nilijiuliza, ikiwa mwenye kukichonga alihitaji kukitazama majini kabla ya kukiamini, kwa nini mimi nikitupe kwenye maji ya tope nikiwa sijawahi kuona kinavyotembea?

Ndiyo maana nilikwenda Chemka kabla ya kwenda mahali penye samaki. Chemchemi za Chemka ziko Wilaya ya Hai, upande wa Rundugai, mwendo wa barabara ya vumbi kutoka Boma Ng'ombe, na ingawa wengi huziita za maji moto, maji yake ni ya uvuguvugu tu, tena ni safi kiasi kwamba mizizi ya miti iliyozama huonekana yote. Nilifika asubuhi mapema kabla ya waogeleaji, nikalipa kiingilio, nikawaeleza wahudumu ninachotaka kufanya, na nikawaonyesha kwamba nilikuwa nimeziondoa ndoano zote kwa plaizi. Hilo la kuondoa ndoano ni la lazima mahali ambapo watu huogelea, na pia humpa anayejifunza utulivu wa kuangalia kisamaki badala ya kuogopa kukinasisha.

Niliyoyaona pale sikuweza kuyapata kwa kusimuliwa. Kile chembamba, kikivutwa taratibu, kiliyumba kwa upana na mwanga ukamweka ubavuni kila kilipogeuka. Kikivutwa kwa kasi ya wastani, kuyumba kuligeuka kuwa mtetemo wa haraka. Na kikivutwa kwa kasi kupita kiasi, kilipoteza mizani, kikalala ubavu na kuibuka juu. Kila kisamaki kina kasi yake, na kasi ya kimoja haihamishiki kwa kingine. Nilipoacha kuvuta, kwa kuwa ni cha kuelea, kilisimama, kikaanza kupanda polepole kama samaki aliyechoka. Samaki wadogo wa Chemka, wale wanaodonoa miguu ya waogeleaji, walisogea pembeni kilipokuwa kikipita na kukisogelea kiliposimama. Mwenye kuona jambo hilo kwa macho yake hahitaji tena kuhimizwa kusitasita katikati ya kuvuta.

Kimoja kati ya visamaki kilikuwa kinakwenda kushoto badala ya kuja moja kwa moja. Marekebisho yake ni madogo sana: kisamaki kikiwa kimekuelekea, kipete cha mbele kinachofungwa mshipi hukunjwa kidogo kwa plaizi kuelekea upande wa kulia, yaani upande ulio kinyume na kile kinakokimbilia, kisha hujaribiwa tena. Nasisitiza neno kidogo, maana unene wa ukucha unatosha, na kipete kikilazimishwa huvunjika au hulegea ndani ya plastiki.

Zoezi nililolithamini kuliko yote lilikuwa la kufumba macho. Nilikivuta kisamaki huku nikikitazama, nikasikiliza ncha ya fimbo inavyopiga kidoleni, kisha nikafumba macho na kukivuta tena, mpaka nikaweza kusema bila kutazama kama kinayumba sawasawa, kimelala ubavu, au kimebeba jani. Jani dogo likishika mdomo, mtetemo hufa mara moja. Mkono uliokwisha kujua mtetemo mzuri ulivyo hutambua hata badiliko dogo, na hiyo ndiyo elimu ninayoiona ya msingi kwa anayeanza, kwa sababu maji ya Chemka huingia mto Kikuletwa, na Kikuletwa huishia katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako mvuvi haoni hata kiganja chake kikizama kidogo tu.

Kabla ya bwawani kuna jambo la fundo. Fundo lililokazwa moja kwa moja juu ya kipete hukibana kisamaki pua na kupunguza kuyumba kwake. Nilijifunza kufunga fundo linaloacha kitanzi kidogo, ambacho ndani yake kipete hucheza kwa uhuru, na wenye klipu ndogo za kuunganishia wanaweza kuzitumia kwa kazi hiyohiyo mradi zisiwe nzito. Mshipi wangu ni wa nailoni. Hunyumbuka, na kwa sababu hiyo hupunguza kidogo taarifa zinazofika mkononi, lakini humsamehe mvuvi mgeni samaki anapojitupa ghafla. Mshipi wa kusukwa haunyumbuki, hutoa taarifa bora zaidi, na nadhani unamfaa mtu baada ya mkono wake kutulia.

Sasa samaki mwenyewe. Watu wengi wa Kilimanjaro wakitaja Nyumba ya Mungu hukusudia perege, na perege hula zaidi mimea midogo na vijidudu vya majini, kwa hiyo kumfuata kwa kisamaki kigumu ni kupoteza siku. Dume linalolinda kiota huweza kukigonga kwa hasira, lakini kumnyang'anya mlinzi wa kiota si uvuvi ninaoutaka. Anayewinda samaki wenzake katika bwawa hilo ni kambale. Macho yake ni madogo, na hutegemea sharubu zake, harufu, na uwezo wa kuhisi mitikisiko ya maji, naye hutembea zaidi jioni na usiku. Mvua kubwa zikijaza kingo, huingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ili kutaga. Ukiyajua hayo, uchaguzi wa kisamaki unakuwa mwepesi: kwa samaki anayehisi kuliko anavyoona, kwenye maji ya tope, kinatakiwa kinachoyumba kwa upana, chenye gololi tumboni, kinachoweza kuvutwa polepole karibu na tope la chini.

Bwawa lenyewe lilijengwa katika miaka ya 1960 kusini mwa Moshi, mahali maji ya Kikuletwa na Ruvu yanapokutana, na lina kituo cha umeme cha megawati 8. Maelfu ya watu hupata riziki humo, na mamlaka zimewahi kusitisha uvuvi kwa muda ili samaki wazaliane. Kwa hiyo sikuona haki kufika na fimbo yangu bila kuuliza. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, na hatua ya busara ni kuonana na afisa uvuvi wa wilaya na viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha kijiji unachokwenda, ambao ndio wanaojua leseni inayohitajika, kama bwawa liko wazi, na sehemu zilizoachwa kwa ajili ya mazalia. Upande wa Lang'ata nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyevua pale tangu ujana wake. Nilimwamkia, nikamwonyesha kopo langu, akakishika kisamaki na kukigeuzageuza kwa muda.

«Shikamoo, babu. Hiki kinaweza kumpata kambale?»

«Marahaba, mwanangu. Ukikipitisha mlangoni kwake, atakichukua. Ukikipitisha barabarani, utachoka bure.»

Kisha akanionyesha mlango wenyewe ulipo: ukingo wa matete ambapo maji ya kina kifupi huanguka ghafla kwenye mfereji wa zamani. Akaniambia pia nisisogee kwenye ukingo wa maji, nisiingie hata kifundo cha mguu, na nisirudie mahali pamoja kila jioni kwa saa ileile, kwa sababu mamba husoma mazoea ya watu na viboko hutoka kula wakati huo. Ushauri huo naufuata mpaka leo kwa ukamilifu, na anayekwenda kule asiuchukue kuwa maneno ya kutishia wageni.

Kwa mlango kama huo, kutupa kisamaki mbele moja kwa moja kuelekea katikati ya bwawa hakuna faida, kwa kuwa hupita ukingoni kwa sekunde chache tu za mwisho. Nilisimama pembeni, juu ya tuta, nikakitupa sambamba na matete, ili safari nzima ya kisamaki iwe ndani ya eneo la samaki. Nilivuta polepole hadi nikahisi mdomo ukigusa tope, kwani mguso huo huja mkononi kama mkwaruzo mzito unaofuatwa na mtetemo wa kawaida, kisha nikaacha kuvuta nikikipa muda wa kupanda kidogo, kisha nikavuta tena. Kugusa chini hakudhuru. Vumbi la tope linaloinuka hufanana na la kiumbe anayetafuta chakula, na mdomo huzigonga kwanza mizizi na visiki kabla ndoano hazijafika, hivyo huzikinga. Kisamaki kikinasa, kukivuta kwa nguvu ndiko kunakokipoteza. Cha kuelea kikilegezewa mshipi mara nyingi hupanda chenyewe na kujinasua, na kisipojinasua, mvuvi hutembea upande wa pili na kuvuta kutoka huko. Ninayasema haya kwa uzito kwa sababu bei ya kisamaki kimoja kizuri inazidi ya kilo ya kambale, na plastiki yenye ndoano iliyobaki ndani ya matete ni hatari kwa nyavu, ndege na miguu ya watu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mshtuko mkubwa, lakini kambale wa kwanza hakunishtua. Wakati kisamaki kilikuwa kikitetemeka vizuri, mtetemo ulikatika tu, kama pale jani linaposhika mdomo, isipokuwa safari hii mshipi ulikuwa mzito na ulikuwa unasogea kando. Mkono uliozoea Chemka ulijua kwamba hilo halikuwa jani. Niliinua fimbo kwa uthabiti bila kuitupa nyuma, na rili, yaani kifaa cha kukunjia mshipi, ikaanza kuuachia kama nilivyokuwa nimeipanga. Kuipanga huko hakuhitaji kubahatisha: mshipi wa kilo 8 hufungwa kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia nyama, na rili hukazwa mpaka ianze kuachia kwenye kilo 2 au zaidi kidogo, yaani robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Samaki akivuta kuzidi hapo, huondoka na mshipi badala ya kuukata, na mvuvi huurejesha samaki anapochoka.

Ndoano za kulabu tatu zinazokuja na visamaki hivi zinahitaji heshima. Kisamaki chenye ndoano mbili za namna hiyo kina ncha sita, na kambale akijizungusha nchi kavu, ncha moja huwa mdomoni mwake na zilizobaki hutafuta mkono wa mvuvi. Mapezi yake ya kifuani nayo yana miiba. Kwa hiyo plaizi yenye mdomo mrefu hukaa kiunoni mwangu kabla ya mshipi kuingia majini, na nimezibadilisha kulabu tatu kwa ndoano moja moja zenye kijino kilichobanwa, ili samaki mdogo arudishwe majini bila kuchanwa, tena akishikwa kwa mikono iliyoloweshwa kwa kuwa ngozi yake haina magamba. Baada ya kubadilisha ndoano ni lazima kurudi kwenye ndoo, na ikiwezekana kwenye maji safi, maana uzito mpya huweza kukifanya kisamaki cha kuelea kizame au kukiondolea mizani yake.

Kwa sasa ninakitumia zaidi kimoja, kile cha gololi chenye mdomo wa wastani, na ninaona mtu anayeanza atapata zaidi kwa kukijua kimoja mpaka mkono ukizoee kuliko kwa kufungua kopo kila baada ya kutupa mara mbili tatu. Kile kinene chenye mdomo mrefu nimekwisha kukitazama Chemka na kukivuta nikiwa nimefumba macho. Huvuta kwa uzito zaidi, mtetemo wake huja kwa mapigo mapana, na kinahitaji fimbo iinamishwe karibu na maji ili kifike chini mapema. Mzee wa Lang'ata ameniambia kwamba maji ya bwawa yakishuka kabla ya mvua za vuli, kambale wakubwa husogea kwenye mfereji wa zamani, na kama bwawa litakuwa wazi wakati huo, hapo ndipo nitakapokijaribu.